Povu Kabla ya Moto

Mjomba alikuwa na pua, na mtaa mzima uliijua. Si kwamba wengine hawakuwa nazo. Walikuwa nazo za kuvutia pumzi na kupigia chafya, basi. Ya Mjomba ilikuwa kitendea kazi. Alikuwa fundi wa majiko ya gesi, na badala ya kumwita Fundi watu walimwita Pua, naye akaitika kwa raha kama mtu aliyepandishwa cheo. Akishamaliza kufunga jiko, alikunja mikono mgongoni, akainama, akapita kiungo kwa kiungo akinusa kama paka aliyeingia nyumba ngeni. Kisha alisimama wima na kusema neno moja tu: "Safi." Hapo mwenye jiko aliwasha kiberiti bila wasiwasi wowote, na mtu akimuuliza kama amepima, alishangaa. Apime nini tena, na Pua kashapita?

Mtu wa kwanza kuingiwa na shaka alikuwa mpwa wake mwenyewe, binti waliyembandika jina la Spana kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kuonekana mikono mitupu. Mama yake alipoolewa mbali alimwacha kwa kaka yake, na kaka akamlea kati ya mitungi na mabomba. Alijifunza kukata nyuzi za bomba, ile mizunguko ya kufungia viungo, kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Baadaye alikwenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti. Mjomba alikitundika ukutani kando ya kalenda, akakitazama kwa mapenzi, halafu akasema, "Cheti kizuri. Ila hakina pua."

Kipimo cha povu aliyemfundisha ni yeye huyo huyo Mjomba. Unakoroga sabuni kwenye maji mpaka povu lisimame, unafungua gesi bila kuwasha moto, unapaka povu kwenye kiungo kwa brashi, unasubiri. Gesi ikiwa inatoka, povu linachemka vijipovu vidogo vidogo kama uji unaotaka kufurika. Ikiwa haitoki, povu linakaa kimya, linateleza chini, linakauka. Lakini Mjomba aliliona hilo kuwa somo la kuanzia, la watu wasiojaliwa. "Povu ni la wasio na pua," alizoea kuwaambia wateja, na wateja walicheka, na kazi ikaisha mapema.

Halafu yakaja yale mafua. Yalimlaza Mjomba kitandani mpaka mkewe akaanza kupiga simu kwa ndugu. Akapona, akarudi kazini, akaendelea kunusa majiko ya watu kama kawaida. Mchana mmoja Spana alitoka dukani, na alipofika tu mlangoni pa karakana harufu ya yai lililooza ikampiga usoni. Mtungi wa majaribio haukuwa umefungwa sawasawa. Na kando ya mtungi huo, juu ya kigoda, Mjomba alikuwa amekaa anakula, anapiga mluzi kati ya tonge na tonge, mtu asiye na habari. Spana aliufunga mtungi, akafungua madirisha, hakusema kitu. Alijiambia kwamba labda Mjomba alikuwa karibu kuinuka aufunge mwenyewe. Alijiambia hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujiambia lile jingine.

Mkaza mjomba naye alikuwa na lake moyoni. Mumewe alikuwa ameanza kumwaga chumvi na pilipili kwenye kila sahani, na kila akila alilalamika kwamba ni kama anatafuna karatasi. Mwanamke alikuwa ameshakata shauri kuhusu jambo hilo.

"Najua," alimwambia Spana jikoni, huku akikatakata vitunguu kama anayemkata mtu. "Mume akianza kusema chakula chako hakina ladha, kuna mwanamke mwingine anampikia. Mimi si mtoto mdogo."

Hata mhusika alikuwa amempata. Alikuwa muuza vitambaa wa pale kona, yule anayecheka kila Mjomba akifungua mdomo. Spana alimwambia kwamba yule anamchekea kila mtu, hata wanaomkopa. Mkaza mjomba alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu ambaye bado hajaolewa, akarudia neno lake. Najua.

Mambo yalikuwa hivyo siku ya kufunguliwa kwa tanuri la Mama Mkate.

Mama Mkate alikuwa dada yake mkaza mjomba. Kwa miaka mingi alioka mikate kwenye kijitanuri cha mkaa nyuma ya nyumba, na sasa alikuwa amepata chumba cha barabarani na tanuri la gesi la ghorofa, lenye sehemu za kuokea moja juu ya nyingine, jipya, linalong'aa kiasi cha kujitazamia. Kazi ya kufunga alimpa shemeji yake, angempa nani mwingine. Mjomba alifunga mabomba yote peke yake siku iliyotangulia, kwa sababu Spana alikuwa ametumwa kwenye jiko la mteja mwingine. Mitungi ilikaa nje kwenye kizimba cha chuma. Bomba lilipenya ukuta, likapinda kwa kiungo cha kiwiko nyuma ya tanuri, mahali pembamba pa kuingiza mkono tu na si kichwa, ndipo likaingia kwenye vali za mbele.

Spana alipofika, kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa rangi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ya manjano asubuhi ile ile, na harufu yake ilijaa kooni. Kwenye meza kulikuwa na mabeseni ya unga uliokandwa, umefunikwa vitambaa vyenye maji, umeumuka mpaka vitambaa vimetuna kama matumbo ya walioshiba. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengine na watoto mapajani, wakisubiri mkate wa kwanza wa bure. Mama Mkate alikuwa akizunguka na aproni mpya, anacheka na huyu, anamzomea yule anayefunua beseni.

Mjomba akafanya lake. Akakunja mikono mgongoni, akainama, akaanza kunusa. Watu wakanyoosha shingo. Alipita vali moja baada ya nyingine, akaingiza uso kwenye ule upenyo wa nyuma kadiri ulivyoingia, akatoka nje akanusa mitungi, akarudi. Alikuwa hana haraka, alijua anatazamwa. Akasimama wima.

"Safi," alisema.

Mabenchi yakapiga makofi. Mama Mkate akachukua kiberiti.

Spana alivuta pumzi kwa nguvu na hakupata kitu ila rangi. Akavuta tena, rangi. Pale ndipo alipouona mchana ule wa karakana, na Mjomba anapiga mluzi kando ya mtungi unaovuja. Akaziona zile sahani zilizomwagiwa pilipili. Mambo ambayo kwa wiki nyingi alikuwa ameyaweka mbalimbali yakajipanga yenyewe, na hakuweza tena kuyatenganisha.

"Mama Mkate," alisema, "subiri kidogo. Tupake povu kwanza."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata. Mzee mmoja aliuliza kama sasa tanuri linaogeshwa. Mjomba alicheka pia, kwa meno tu. Akamshika mpwa wake kiwiko, taratibu kwa macho ya watu, akamtoa kwa mlango wa nyuma hadi uani. Mkaza mjomba, aliyevijua vicheko vyote vya mumewe, akawafuata.

Uani Mjomba alisema mengi kwa sauti ya chini. Alisema kwamba hajawahi kudhalilishwa hivi na mtu aliyemlisha yeye mwenyewe. Alisema kwamba kama Spana ana lolote la kumwambia, karakana ipo, nyumba ipo, si mbele ya shemeji yake na mtaa mzima. Spana alimwacha aseme mpaka akaishiwa pumzi.

"Mjomba," alisema, "tangu yale mafua, harufu unasikia?"

"Nasikia hata harufu ya woga wako."

Spana alitazama huku na huku. Wapaka rangi walikuwa wameacha vitu vyao kando ya bomba la maji: brashi, matambara, na galoni ya mafuta ya kuyeyushia rangi, meupe kama maji. Kulikuwa na vikombe viwili vya bati. Akamgeuzia mgongo, akamimina mafuta kwenye kimoja na maji ya bomba kwenye kingine, akarudi navyo akiwa amenyoosha mikono.

"Kimoja ni maji ya kunywa. Nipe hayo maji, nina kiu."

Mkaza mjomba alikuwa amesimama mbali kidogo, na hata pale alipokuwa alikunja uso na kujifunika pua kwa upande wa khanga. Mjomba hakumwona. Alikuwa amekasirika, na hasira ilimfanya afanye jambo kwa haraka. Alinusa kikombe cha kwanza, akanusa cha pili, akatabasamu kwa dharau.

"Ndiyo mitihani yenu ya chuo hii? Maji haya hapa. Tena nayanywa mimi, wewe kiu yako utaituliza mwenyewe."

Akakipeleka kikombe mdomoni. Spana alimdaka mkono, na mafuta yakamwagika kifuani kwa Mjomba, yakalowesha shati lote. Mjomba akasimama akilitazama shati, kisha akalivuta mpaka puani, akavuta pumzi, akavuta tena, akavuta kama mtu aliyezama. Uso wake ulibadilika. Spana alitamani asingekuwa amesimama pale kuuona.

Aliyesema wa kwanza alikuwa mkaza mjomba.

"Kwa hiyo chakula changu kina ladha?"

Akaishusha khanga kutoka puani.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Mwanamke gani?" Mjomba aliuliza, kwa mshangao wa kweli wa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa asilokuwa na nafasi ya kulifanya.

Mkaza mjomba alimsogelea. Akaanza kumfuta mumewe shati kwa khanga, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Spana alidhani yameisha. Alidhani sasa Mjomba atasema haya, kakoroge sabuni. Lakini mtu aliyeitwa Pua maisha yake yote hawezi kuliachia jina hilo katika muda wa kufutwa shati. Mjomba aliusukuma mkono wa mkewe, akajinyoosha.

"Pua imelala kidogo," alisema. "Itaamka. Mikono haijalala. Viungo vile nilivikaza mimi kwa mikono hii, na najua vimekaza."

"Na haya pia ulijua ni maji."

Maneno yale yalimtoka Spana kabla hajayapima, na yalitua pabaya. Mjomba aligeukia mlango. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba Spana akirudi ndani na ndoo ya povu, kesho asihangaike kuja karakanani, na spana zake ataletewa. Akaingia ndani.

Mkaza mjomba alibaki ameshika khanga yenye harufu ya mafuta. Alimsihi Spana ayaache. Alisema yule mtu amefunga majiko tangu kabla Spana hajazaliwa, na mikono yake ni mizuri kweli, hakuna anayebisha. Labda hata haivuji. Kwa nini apoteze kazi na mlezi kwa jambo ambalo labda halipo?

"Labda," Spana alisema. "Hiyo labda mle ndani wanaiita najua, na wanataka kuiwashia kiberiti."

Alikuwa na hofu, asikudanganye mtu. Karakana ile ndiyo nyumba yake. Hakuwa na kazi nyingine, na mtaani hapo hakuna ambaye angempa jiko mtu aliyefukuzwa na Pua. Lakini kupitia mlango aliwaona watoto mapajani, na mabenchi yalivyosogezwa karibu na tanuri ili watu waone vizuri. Akapiga moyo konde. Alikoroga sabuni kwenye kopo, akachukua brashi iliyo safi kati ya zile za wapaka rangi, akaingia.

Ndani mambo yalikuwa yameshika kasi. Mama Mkate alikuwa amefunua beseni na uso umemkunjamana. Unga ulikuwa umefika kileleni na ukikaa zaidi utaanguka. Mjomba alikuwa anamhimiza awashe. Spana alipita katikati yao, akajisimamisha mbele ya tanuri, kopo mkononi.

"Huyu leo kala nini?" mtu aliuliza benchini.

"Mama Mkate," Spana alisema, "kazi ya kukanda unga umeifanya miaka mingapi?"

"Niondokee hapo, binti. Unga unaanguka."

"Umejuaje kama unaanguka?"

Mama Mkate alikuwa ameshatumbukiza kidole ndani ya beseni. Alikuwa ameubonyeza unga na anatazama kama kile kishimo kitajaa au kitabaki. Alikuwa akifanya hivyo kila baada ya muda mfupi tangu asubuhi, bila hata kujitambua, na sasa watu wote walikuwa wanakitazama kidole chake.

"Unaujua unga kuliko mtu yeyote hapa," Spana alisema. "Mbona unabonyeza?"

Mama Mkate alikitazama kidole. Alimtazama shemeji yake, ambaye shati lake lilikuwa limelowa kwa sababu ambayo hakuielewa. Akamtazama dada yake pale mlangoni, na dada yake akainamisha macho. Mama Mkate hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Alikitia kiberiti ndani ya mfuko wa aproni, akaufunika kwa kiganja.

"Nabonyeza ili nijue," alisema. "Tanuri langu, shemeji. Mwache apake."

Mjomba alikuwa na njia moja tu ya kutoka pale akiwa bado Pua, naye akaipita. Alichomoa funguo za karakana mfukoni, akazining'iniza juu watu wote wazione. Akasema kwa sauti ya kuuzia bidhaa kwamba povu likitoa hata kijipovu kimoja, karakana ni ya mpwa wake kuanzia leo. Lakini lisipotoa, mpwa wake ataomba radhi hapa hapa, mbele ya kila mtu, kwa sauti ya kusikika barabarani. Mabenchi yakalipuka kwa furaha. Mkate wa bure walikuwa wameutarajia, lakini hii ilikuwa nyongeza.

"Mimi sina dau na wewe, Mjomba," Spana alisema. "Sijasema inavuja. Nimesema hatujui."

Sijui wangapi walimsikia. Kelele zilikuwa nyingi, na watu walikuwa wameshaanza kuchagua upande.

Spana alitoka akahakikisha gesi imefunguliwa na vali za tanuri zimefungwa, ndipo akaanza. Alipaka shingo ya mtungi wa kwanza, akachuchumaa, akasubiri. Povu lilikaa kimya. Akapaka wa pili. Kimya. Akapaka bomba linapoingia ukutani. Watu waliokuwa wamemfuata nje wakaanza kuchoka na kurudi ndani. Akapaka vali za mbele, moja moja, na kila povu lilipoteleza chini bila kuchemka, Mjomba alisema "Ee" kwa sauti ndogo, kama mtu anayeitikia hadithi anayoijua.

Hakujali. Kiungo alichokuwa anakisubiri yeye kilikuwa kile kiwiko cha nyuma. Aliijua sehemu ile. Alijua kwamba ukiingiza mkono mle spana haipati nafasi ya kuzunguka, na fundi mwenye haraka atakaza nusu na kujiambia imetosha. Alikuwa amekwisha kukiona kichwani: povu linachemka, watu wananyamaza, Mama Mkate anashika kifua. Aliomba kioo kidogo cha mkobani kwa mmoja wa wageni, akakiingiza kwenye upenyo kwa mkono wa kushoto, akapaka kwa mkono wa kulia, akatazama.

Povu lilikaa.

Aliongeza jingine. Alisubiri mpaka shingo ikamuuma. Ndani ya kile kioo povu lilikuwa jeupe, zito, limetulia. Likateleza kidogo. Likatulia tena. Kiwiko kilikuwa kimekazwa na fundi anayejua kukaza.

Moyo wa Spana ulianguka. Alikuwa bado ameinama nyuma ya tanuri, hakuna aliyemwona uso, na hapo ndipo aligundua ni nini kilichokuwa kimeanguka. Alikuwa ametaka ivuje. Ndani ya chumba chenye watoto, alikuwa ametamani gesi itoke ili yeye aonekane ana haki. Na zaidi ya kutamani, alikuwa na uhakika. Kiwiko kile alikijua kama Mjomba alivyoyajua yale maji, kama mkaza mjomba alivyomjua muuza vitambaa. Tofauti yake na wao ilikuwa kwamba yeye alikuwa na kopo la sabuni mkononi, na kopo halikujali anataka nini. Alijionea aibu, lakini haikuwa aibu ya jambo ambalo watu walikuwa wanamngojea nalo kule mbele. Alilifuta bomba kwa kitambaa mpaka likakauka, akamrudishia mgeni kioo chake, akasimama.

"Haivuji," alisema, na alihakikisha wote wamesikia. "Hakuna hata kiungo kimoja kinachovuja. Mama Mkate, washa."

Chumba kilijaa vigelegele. Moto ulishika, wa buluu, ulionyooka, mzuri. Mama Mkate aliingiza unga kwa haraka ya mtu anayeokoa nyumba, na kwa bahati ulikuwa bado haujaanguka. Wakati mkate unaiva watu walimzunguka Mjomba, wakampiga mgongo, wakaliimba jina lake. Pua, Pua. Povu lenyewe limekubali, walisema. Povu limekuja kupiga saluti. Mjomba alianza kwa kutabasamu kidogo, kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Kadiri sifa zilivyozidi koti lilimkaa vizuri zaidi, na mkate wa kwanza ulipotoka alikuwa ameshasahau kwamba si lake. Aliletewa kipande cha kwanza. Akakiinua puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema harufu yake haina mfano.

Mkaza mjomba aligeukia ukutani. Spana aliokota brashi yake. Hilo lilikuwa kati ya Mjomba na kipande cha mkate.

Ndipo baba mmoja mwenye mgahawa, jirani wa barabara ya pili, alipojipenyeza mpaka mbele. Alisema wapishi wake wanalalamika vichwa vinauma wakikaa jikoni. Wengine wanasema ni gesi, wengine wanasema ni uvivu. Je, Pua anaweza kupita kesho, anuse tu, awaambie?

"Nitapita," Mjomba alisema. "Kunusa tu ni dakika moja."

Spana alikuwa ameshika kopo lake, anataka kuondoka kimya kimya na kwenda kuwaza kesho atakula wapi. Aliposikia hilo, akaliweka kopo chini.

Mjomba alimwona, akakumbuka dau. Alimwita katikati ya chumba. Hakuwa na hasira tena; alikuwa mtu aliyeshinda, na mshindi hupenda kuonekana mwema. Aliwatuliza watu kwa mkono. Alisema kwamba huyu ni damu yake, ni mtoto wa dada yake, na kijana hukosea ndiyo akajifunza. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti, na sauti ile ilikuwa ya upole, ile aliyomsomeshea spana na koleo alipokuwa mtoto.

"Sema neno tu, mama. Samahani, basi. Yaishe. Kesho uje kazini."

Kesho uje kazini. Alikuwa ametandikiwa njia pana kabisa, ya neno moja. Mkaza mjomba alimtolea macho ya kusema chukua. Mama Mkate alisimama na sinia la mkate mkononi, hakuingilia. Spana alimtazama mtu aliyemlea, shati limekauka lakini bado linanuka mafuta kiasi cha kumfanya kila anayemkumbatia akunje uso, na yeye mwenyewe hajui.

Alimgeukia kwanza baba mwenye mgahawa.

"Baba, usingoje kesho. Nenda sasa hivi ukafunge mitungi na kufungua madirisha, na mtu asiwashe kitu mpaka nije na povu. Sijui kama inavuja. Wewe pia hujui. Hakuna anayejua."

Yule baba alimtazama Pua, akamtazama binti, akaona afadhali aende. Spana akamrudia Mjomba.

"Ulisema haivuji, na kweli haivuji. Mikono yako ni mizuri, nitamwambia kila mtu. Lakini pale uliposema safi hukuwa unajua, Mjomba, na mimi nilipodhani inavuja sikuwa najua. Tumejua pale nyuma, kwa povu, wote wawili pamoja. Kabla ya hapo tulikuwa tunataka kuwasha moto juu ya bahati."

"Sema samahani," Mjomba alisema. Upole ulikuwa umeondoka.

"Kwa lile neno la uani, la maji, nitakuja nyumbani nikuombe radhi, kwa sababu nililisema kukuumiza. Kwa povu, hapana. Ukinipa kazi kesho, nitapima. Usiponipa, nitapima kwingine. Siombi samahani."

Mjomba alinyoosha mkono wenye funguo, kama anayetaka kumwonyesha mpwa wake kile anachokwenda kukipoteza.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Na mimi nimekujibu mara ya mwisho, Mjomba. Siombi."